Uwanja wa Manju na Meza ya Mwandishi

Aliyewahi kuhudhuria tamasha la vitabu katika mji wa pwani anaujua utaratibu wake. Asubuhi kuna warsha ya saa mbili tatu: mkufunzi, ubao, vijana na madaftari yao. Jioni mwandishi anakaa jukwaani, pembeni yake mwongozaji wa mazungumzo mwenye maswali aliyoyaandaa, kisha kipaza sauti kinapitishwa kwa watu watatu wanne. Mwishoni kuna foleni ya kutiwa saini vitabu. Kesho yake mwandishi anapanda boti au ndege na kuondoka. Miji ya pwani imezoea wageni wa namna hii. Zanzibar ina Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi lililoanza mwaka 1998, na Bagamoyo, penye chuo cha sanaa, imekuwa na tamasha lake tangu miaka ya 1980.

Linapotajwa tamasha la vitabu kwa ajili ya Kanda ya Ziwa, picha inayokuja kichwani ni hiyohiyo, ila Ngome Kongwe ya Zanzibar inakuwa ukumbi wa halmashauri. Nataka kuipinga picha hiyo. Shinyanga na Geita zina namna yao ya kumkutanisha mtunzi na wasikilizaji, namna iliyo kongwe na kali zaidi kuliko meza na kipaza sauti. Tamasha litakaloanzishwa huku bila kuijali litakuwa limewapunja watu wake.

Namna yenyewe ni mashindano ya ngoma. Baada ya mavuno, kuanzia Juni hivi, Usukumani huwa ni msimu wake. Pande mbili, Bagika na Bagalu, zimekuwa zikishindana tangu karne ya 19, na simulizi za wenyewe hurudi kwa waganga wawili, Ngika na Gumha, waliopimana nguvu kwa dawa na kwa ngoma. Vikundi viwili huingia uwanja mmoja siku moja na kucheza kwa wakati uleule, kila kimoja upande wake, kikiongozwa na manju wake, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, ambaye kwa Kisukuma ni ningi. Watazamaji wako huru kwenda watakako. Anayewavuta wengi ndiye mshindi.

Kundi la watu linapohama uwanjani, wa kwanza kukimbia huwa ni watoto, kwa sababu wao hufuata mchezo: nyoka aliyetolewa sandukuni, sanamu la mbao linalochezeshwa, mtu anayetembea juu ya miti mirefu. Watu wazima hukawia. Husimama kwanza wakasikiliza mstari wa wimbo, wakangoja wa pili, wakatazamana. Wimbo ukiwa na neno, yaani umemgusa mtu anayejulikana, au umemjibu manju wa upande wa pili kwa fumbo lisiloweza kupuuzwa, hapo ndipo nao husogea. Na manju anayeona migongo ya watu haendelei na alichopanga. Hubadilisha wimbo palepale, hupandisha sauti, humtuma mchezaji wake hodari katikati. Jua likizama anajua ni beti zipi zilimpa watu na zipi zilimkimbizia watu.

Mwandishi anayeshuka jukwaani baada ya mazungumzo ya saa moja hajui lolote la namna hiyo. Amepigiwa makofi, kwani makofi ni adabu. Waliochoka walitazama simu zao kwa utulivu. Ukurasa uliomchosha msomaji utabaki vilevile katika chapa ya pili, maana hakuna aliyempa mgongo. Hili ndilo pengo ninaloliona katika matamasha yetu mengi ya vitabu: msikilizaji hana nguvu yoyote juu ya kilichotungwa. Anaruhusiwa kuuliza swali, hana nafasi ya kuhukumu.

Utaratibu huo wa meza ni mgeni hata pwani kwenyewe. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, alitunga mbele ya watu waliokuwa tayari kumjibu kwa shairi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilikuwa na kurasa za mashairi ambamo watunzi waliulizana na kujibizana wakiwa mbali mbali. Mathias Mnyampala, mtu wa Dodoma, alizijua kanuni za mashairi ya pwani kiasi cha kuwa miongoni mwa walioipa ngonjera umbo tunalolijua, na ngonjera yenyewe ni mabishano. Mahali popote ambapo utungaji wa Kiswahili ulistawi palikuwa na mtu wa kukujibu. Tumekuja kuupunguza ushindani huo tukawa na mwandishi anayezungumza na mwongozaji wake, nasi tukisikiliza pembeni.

Kuhusu warsha, manju hafanyi kazi peke yake. Hutunga, huwafundisha wafuasi wake, huwasikiliza wanapoimba vibaya na kugundua kwamba kosa liko kwenye wimbo, hurekebisha, hurudia. Maandalizi hayo huchukua muda, na mengine hufanyika kazini, kwa kuwa vikundi vingi vya Usukumani vilikuwa pia vikundi vya kulima kwa zamu, vikiimba shambani kabla ya kuimba uwanjani. Bugobogobo, ngoma ya majembe, inatokana na kilimo hicho. Wigashe huimbwa watu wakiwa wameketi, na maneno husikika bila kumezwa na kishindo cha miguu. Anayetaka kufundisha utungaji Kahama au Geita anakuta watu ambao masikio yao yamenolewa kwa miaka mingi. Kuwaanzishia somo la "hadithi ni nini" ni kuwadharau.

Jambo hili liliwahi kufanyiwa kazi, na si mbali na Shinyanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda Malya, wilayani Kwimba, kijiji kilicho kwenye reli inayotoka Tabora kwenda Mwanza. Hawakubeba mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakaulizana ni matatizo gani yanawasumbua, wakayachambua pamoja, kisha wanakijiji wakatunga kwa sanaa walizokuwa nazo, ngoma zikiwamo, na baada ya onyesho watu wakajadiliana juu ya walichokiona. Mlama aliueleza utaratibu huo katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu sanaa za maonyesho na maendeleo barani Afrika.

Ninapousoma mradi wa Malya leo, nauona kama warsha bora zaidi ya utunzi iliyowahi kufika sehemu hii ya nchi, ingawa wenyewe hawakuiita warsha ya fasihi. Ilichukua muda. Ilianza na maisha ya watu wenyewe. Iliruhusu aina ya utunzi ambayo tayari wanakijiji walikuwa mabingwa wake. Ilimaliza kwa mjadala ambamo mtazamaji alikuwa na la kusema kuhusu kile alichokitazama. Tangu wakati huo tumefanya warsha nyingi za siku mbili zenye vyeti, na tumesahau kwamba mfano ulikuwa Kwimba. Mlama huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti wa kamati ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyozinduliwa 2022 na kutolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023. Tuzo hiyo inampa mshindi wa kwanza Sh10 milioni, na Serikali imebeba jukumu la kuchapisha kazi zinazoshinda. Ni hatua kubwa. Ila tuzo hupokea miswada iliyokwisha kuandikwa. Kinachotangulia muswada, yaani yale maandalizi marefu anayoyafanya manju na wafuasi wake, kwa mwandishi bado hakina mwenyewe.

Sitaki kuipamba ngoma kuliko ilivyo. Uwanja una matatizo yake. Wimbo unaomsema mtu hadharani unaweza kumwonea, hasa mwanamke au mzee asiye na wa kumjibia. Manju anaweza kununuliwa: chama, mfadhili au mfanyabiashara akitoa ng'ombe, sifa zinafuata. Elias Songoyi, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mwaka 1988, aliwaweka pamoja waimbaji wawili, Kalikali wa Usukumani na Mwinamila wa Unyamwezini, ili kuonyesha jinsi msanii na dola wanavyovutana. Kalikali alijulikana kwa kukosoa, Mwinamila kwa kuisifu Serikali. Umati peke yake haumlindi mkosoaji.

Tatizo jingine ni kwamba wimbo hufa na wenyewe. Ulioandikwa mara nyingi umeandikwa na wageni na kuhifadhiwa mbali. Hans Cory, Mwaustria aliyefanya kazi katika serikali ya kikoloni, alikusanya mila na sheria za Wasukuma, na makusanyo yake yako katika maktaba ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Frank Gunderson, Mmarekani, alikusanya zaidi ya nyimbo 300 za kazi za Usukumani na kuzichapisha mwaka 2010 katika kitabu kikubwa kilichotolewa Leiden, Uholanzi. Ni kazi ya heshima, yenye maneno ya Kisukuma na tafsiri ya Kiingereza. Lakini bei yake ni ya maktaba za Ulaya, na mjukuu wa mtunzi aliyeko Maswa au Kishapu hana njia ya kuukuta wimbo wa babu yake ndani ya kitabu hicho. Bujora, karibu na Mwanza, ambako Padri David Clement wa Kanada aliweka msingi wa makumbusho ya Wasukuma na sherehe za Bulabo za kila Juni, pamehifadhi ngoma, viti vya watemi na vifaa vya waganga. Maneno ya nyimbo yanahitaji hifadhi ya aina nyingine, na hifadhi hiyo ni kitabu.

Hapo ndipo mwandishi na manju wanapohitajiana, na hapo pia ndipo historia ya Kanda ya Ziwa inapotuuma. Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe alimaliza mwaka 1945 riwaya yake kubwa ya Kikerewe kuhusu Myombekere na Bugonoka. Ilikaa miaka na miaka bila mchapishaji. Mwishowe akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mzee alifariki 1981, nakala zikiwa bado hazijamfikia. Kisiwa hichohicho kilimzaa Gabriel Ruhumbika, aliyekuja kuitafsiri kazi ya Kitereza kwa Kiingereza mwaka 2002, na Euphrase Kezilahabi, ambaye Rosa Mistika yake ya 1971 ilipingwa na walimu na wazazi kabla haijakubalika. Waandishi watatu wa kiwango hicho kutoka kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria! Mji wa kandokando ya ziwa ukitafuta sababu ya kuwa na tamasha la vitabu, sababu hiyo imelala ng'ambo, saa chache kwa meli kutoka Mwanza.

Kisa cha Kitereza kinanifanya niwe mkali juu ya jambo moja: kitabu kitangulie. Mazungumzo na mwandishi ambaye kazi yake haijasomwa na yeyote ukumbini ni sherehe ya kumtazama mtu. Hata Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Zanzibar akiwa kijana na kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, wasomaji wengi wa Kiswahili walianza kumsoma 2022, Ida Hadjivayanis alipoitafsiri Paradise kuwa Peponi, miaka 28 baada ya kutoka kwa Kiingereza. Na riwaya hiyo inafuata msafara wa biashara unaotoka pwani kuja huku bara. Hata hivyo, huku kitabu hakifiki kirahisi: maduka mengi ya vitabu ya Shinyanga na Geita huishi kwa vitabu vya kiada, kalamu na madaftari. Riwaya huletwa kwa oda ya shule.

Shule nazo zimetuletea fasihi ya upande mmoja. Vizazi vya wanafunzi wa Shinyanga vimeisoma Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, na wanalijua jalala la Tabata kuliko watu wengi wa Dar es Salaam. Wamesoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, wakaijua Unguja ya wakati wa ukoloni. Ni vitabu vizuri, nami nafurahi kwamba wamevisoma. Lakini katika vitabu teule walivyopewa, hakuna kinachoshuka duarani, yaani kwenye shimo la mchimbaji mdogo. Mtoto wa Nyarugusu au Rwamgasa, machimboni Geita, anamaliza kidato cha nne bila kukutana kwenye ukurasa na kitu anachokiona kila siku akienda shule.

Tena amefundishwa kukiuliza kitabu maswali ya mtihani tu. Mlete mwandishi mbele ya wanafunzi wa sekondari, swali la kwanza litakuwa dhamira, la pili ujumbe, la tatu "nini kilikusukuma kuandika". Simlaumu mwanafunzi, kwa sababu hivyo ndivyo anavyopata alama. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyohuyo, akiwa uwanjani Julai, anajua kusema kwamba manju fulani mwaka huu amelegea, kwamba wimbo wake wa pili umeiba mdundo wa mwaka juzi, kwamba fumbo lake limekuwa wazi mno. Huo ni uhakiki kamili. Kazi ya kwanza ya warsha ya Shinyanga ingekuwa kumpa ruhusa ya kuutumia uhakiki huo juu ya kitabu: kwa nini sura hii inachelewa, kwa nini mhusika huyu anasema kama waraka wa wizara, mstari gani ungekufanya uhame uwanjani.

Kuhusu la kuandikwa, ukanda huu wa madini hauhitaji kutafutiwa mada. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Dhahabu ya Geita ilichimbwa wakati wa ukoloni, mgodi ukafungwa 1966, ukafunguliwa mgodi mwingine mkubwa mwaka 2000, na Geita yenyewe ikawa mkoa 2012. Pembeni ya mitambo hiyo mikubwa kuna maelfu ya wachimbaji wadogo wenye maisha na msamiati wao: duara linaloshikiliwa na matimba, karasha linalosaga mawe usiku kucha, mialo ya kuoshea, zebaki mikononi, marudio yanayouzwa kwa mwenye uwezo wa kuyachenjua tena.

Ningeanzia kwenye mgawo. Mawe yametoka duarani, mifuko imepangwa chini. Kuna mwenye eneo, mwenye duara, aliyetoa fedha ya chakula na mafuta, na vijana walioshuka. Karani ana daftari lililokunjamana, lenye vumbi jekundu kwenye kingo, na kila anayepokea mfuko analitazama daftari hilo kuona jina lake limeandikwa wapi na kwa idadi gani. Wengine hawasomi vizuri, hivyo humtazama karani usoni. Hakuna anayejua mfuko wake una nini ndani mpaka upite kwenye karasha. Mpe kijana wa Mgusu tukio hilo, mpe muda wa wiki tatu badala ya asubuhi moja, mwambie alisimulie kwa sauti ya karani, kisha kwa sauti ya aliyeshuka, kisha kwa sauti ya mama anayeuza chapati pembeni na anayezidai pande zote nne. Halafu alisome mbele ya watu wanaoujua mgawo, watakaomkatiza akikosea.

Fedha zipo, ikiwa kuna atakayeziomba. Tangu Sheria ya Madini iliporekebishwa 2017, mwenye leseni ya kuchimba analazimika kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana juu yake na halmashauri. Madarasa, zahanati na visima vimejengwa kwa utaratibu huo, na ni haki vitangulie. Lakini darasa lililojengwa likakosa kitabu cha hadithi ni kazi iliyoachwa katikati. Sehemu ndogo sana ya mpango wa mwaka mmoja ingetosha kuchapisha riwaya mbili kwa wingi wa kutosha kila shule ya sekondari ya mkoa. Madiwani ndio wanaokaa kwenye kikao hicho, na sijui kwa nini walimu wa Kiswahili wasiwafuate kabla ya kikao.

Tarehe nayo ina uzito. Geita hukusanya umati kila mwaka kwa maonesho ya teknolojia ya madini katika viwanja vya Bombambili, na rahisi ni kuomba hema moja pale. Mimi ningechagua msimu wa ngoma. Wakati huo mavuno yameingia, watu wana nafasi, na masikio yako tayari. Vitabu viwili vya mwaka viwe vimefika shuleni, kwenye magulio na machimboni miezi mitatu kabla. Siku yenyewe waandishi wawili wasome kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake wa uwanja, watu wakiwa huru kuhama. Wasome kwa Kiswahili, na anayetaka kusoma kwa Kisukuma aachwe asome, kama Kitereza alivyoanza na lugha ya mama yake kabla ya kuileta kazi yake kwetu sote. Baada ya hapo ndipo mazungumzo yaanze, na mwandishi aliyekimbiwa aulize yeye, wasikilizaji wamjibu.

Pamoja na hayo, vijana wa warsha wawe wameandika nyimbo za manju mmoja wa wilaya hiyo, kwa idhini yake na kwa malipo, zikatolewa katika kijitabu chenye Kisukuma ukurasa wa kushoto na Kiswahili wa kulia, jina lake likiwa kwenye jalada. Nakala ya kwanza apewe yeye mwenyewe. Ikiwa hasomi, asomewe mbele ya kikundi chake chote, na kijitabu kisipelekwe kiwandani kwa chapa kubwa mpaka aseme wapi wamekosea.